Simba wa Pemba

Pemba hakuna simba. Nalitanguliza hili ili msomaji asije akanilaumu kama alivyonilaumu mwenzangu. Kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, kuna komba wanaolia kama watoto walioachishwa ziwa, kuna paa wadogo, ngawa, kima, na nguruwe mwitu ambao kila mkulima anawalaani. Simba hakuna, na hajawahi kuwapo. Aliyesema wapo ni mimi, katika jiko la nje la nyumba moja ya Abu Hamour, hapo Doha, nikiwa nimeshika kisu cha vitunguu na macho yamejaa machozi ambayo si ya vitunguu peke yake.

Nilifika Doha katika miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu zetu zilikuwa bado za vitufe na kupiga nyumbani ni kwa kadi ya kukwangua. Mume alikuwa ameshaniacha. Mwanangu wa kike alikuwa na miaka sita, na mimi kichwani mwangu nilikuwa na nyumba: vyumba viwili vya matofali, ukumbi, choo ndani, na bati la rangi. Nilimwacha mtoto kwa mama yangu nikaja kuitafuta hiyo nyumba. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Nilikaa sita.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa na watu tisa, na sijawahi kuwa mpweke maishani mwangu kama nilivyokuwa humo. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufua na kupiga pasi. Waliniita kwa jina la msichana aliyenitangulia, kwa sababu walishalizoea, na yeye, kama nilivyokuja kusikia, alikuwa akiitwa kwa jina la aliyemtangulia yeye. Mwanzoni nilichelewa kuitika nikagombezwa. Baadaye nikawa naitika haraka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kiarabu nilichosoma chuoni kwetu kilikuwa cha kumwomba Mungu. Hakikuwa na neno la brashi wala la sabuni ya unga. Siku zilipita sijasema sentensi nzima na mtu. Nikaanza kuzungumza na pasi, na tuseme kweli, ilikuwa msikilizaji mzuri.

Jikoni alikuwapo mpishi, mwanamke wa Kihindi aliyenizidi miaka kama kumi, mwembamba, mwenye kipini cha dhahabu puani na mdomo usiofunguka. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, yeye kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni. Miezi miwili mizima alinisalimia kwa kutikisa kichwa tu. Nikaona ananidharau, na mimi mtu akinidharau huwa siwezi kunyamaza, basi nikawa namtikisia kichwa kidogo kuliko alivyonitikisia yeye. Ikafika mahali tunasalimiana kwa nyusi.

Alasiri moja watoto wa nyumba waliingia jikoni kutaka juisi. Walikuwa wametoka kutazama wanyama kwenye televisheni. Mkubwa wao, msichana wa miaka kumi hivi, akanikazia macho kama ndiyo kwanza ananiona.

"Kwenu Afrika kuna simba?"

Nikasema wapo.

"Wengi?"

"Wengi. Wanapita nyuma ya nyumba yetu."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Mmoja alimchukua ng'ombe wetu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hapa na lile friji."

Midomo ikabaki wazi. Tangu nifike hapakuwa na mtu aliyeniuliza jambo ambalo halikuhusu soksi zimekaa wapi, na ladha ya kuulizwa ilinipanda kichwani. Nikaongeza mngurumo. Nikaongeza mama yangu akipiga sufuria kwa mwiko. Watoto walipotoka wakikimbizana, nikageuka, nikamkuta mpishi ameweka kisu chini ananitazama.

Akavuta kigoda, akakipigapiga kwa kiganja nikae. Akamimina chai ya maziwa yenye iliki, akanisogezea kikombe. Kisha akasema, kwa kile Kiarabu cha jikoni ambacho sote wawili tulikuwa tunakivunjavunja, "Na nyinyi kwenu mnaishi na wanyama?"

Nilikitazama kile kikombe. Nikasema ndiyo. Chai ya kwanza niliyomiminiwa na mtu Doha niliipata kwa uongo.

Kumbe yule mwanamke alikuwa na maneno, tena mengi, ila hakuwa na wa kumwambia. Alitoka kusini mwa India, kwenye milima, katika kijiji kilichomo ndani kabisa ya hifadhi ya wanyama. Si jirani na hifadhi, ndani. Bonde moja la mpunga, nyumba kama ishirini, na pande zote nne msitu: mitiki, mianzi, misandali ambayo serikali imeipiga namba mmoja mmoja kwa sababu ya wezi. Babu zake walikuwako kabla serikali haijaja kuchora mpaka. Mumewe alikuwa mlinzi wa msitu, anatembea kwa miguu na fimbo, anasoma nyayo kwenye tope na kuandika nani amepita.

Tangu siku hiyo, kila alasiri, familia ikiwa imelala, ikawa chai na wanyama. Niliwajua mmoja mmoja kama mtu anavyowajua jamaa wa rafiki yake. Kulikuwa na nyati wao, mkubwa kuliko ng'ombe yeyote, mweusi mwili mzima ila miguu ni myeupe kutoka magotini kwenda chini, kama amevaa soksi za shule. Kulikuwa na mbwa mwitu wekundu ambao hawabweki, wanaitana kwa mluzi, na mtu mgeni msituni hudhani ni watu wanamwita. Dubu wao anakula mchwa: anapasua kichuguu, anaingiza mdomo, anafyonza, na sauti yake inasikika mbali kama mtu anayekunywa uji wa moto. Kima wa kijivu wenye nyuso nyeusi hukaa juu ya mti wakitupa majani ovyo, na kulungu wa madoadoa hukaa chini wakiyaokota. Kima akimwona chui anapiga kelele, kulungu wanakimbia. "Hawakuoana," alisema, "lakini nyumba yao ni moja."

Chui milia hakumtaja kwa jina. Kwao ukimtaja umemwita, kwa hiyo husema "mkubwa". Hapo nilifurahi, maana hata kwetu nyoka hatajwi usiku, husemwa kamba, na hilo nilimwambia nalo lilikuwa kweli. Mianzi yao, alisema, huchanua mara moja tu katika umri wake wote, msitu mzima kwa pamoja, kisha yote hufa imesimama. Alikuwa ameliona hilo mara moja, akiwa msichana. Panya walikuja kula mbegu, wakazaana, wakaingia majumbani, na bibi yake alilia kwa sababu alijua mwaka unaofuata, mbegu zikiisha, panya watakula nini.

Na kulikuwa na ndege hondohondo. Huyo alimwigiza kwa mikono. Jike akitaka kutaga huingia katika pango la mti, kisha mlango unazibwa kwa udongo na mavi mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Anakaa humo miezi, manyoya yanamtoka, na dume anamletea matunda ya mitini, moja moja.

"Kama sisi," nilimwambia, nikionyesha kuta.

Akatikisa kichwa. "Yeye amefungiwa na watoto wake. Sisi tumefungiwa na watoto wa watu."

Alikuwa na binti mmoja, wakati ule miaka minane. Mwenyewe hakuja Doha kwa kupenda nguo wala nyumba ya bati la rangi. Alikuja kwa sababu ya ndovu. Mpunga wao ukikaribia kuiva, ndovu wanatoka msituni, na asubuhi shamba lote limelala kama mkeka. Muhogo unachimbwa na nguruwe, migomba inaangushwa, kunde zinamalizwa na kulungu. Wanaume hukesha juu ya madungu wakipiga madebe, na ndovu hulizoea debe ndani ya wiki. Kumuua ni kosa, na hata isingekuwa kosa wasingemuua. Fenesi ndilo lililonishangaza. Kwetu fenesi likiiva harufu inaita watoto wa mtaa mzima. Kwao huyakata yakiwa machanga, yote, hata wasiyoweza kuyala, kwa sababu ndovu hunusa fenesi bivu kutoka mbali na akilifuata hasimami kwenye ukuta. Alinisimulia jinsi binti yake alivyoficha fenesi moja darini ili liive apate kulionja tu, na jinsi baba yake alivyolitupa mtoni huku mtoto analia.

"Basi tukaona mmoja wetu aende akalete mchele wa dukani," alisema. "Baba yake anaujua msitu. Mimi najua kupika. Nikaja mimi. Na wewe? Simba walimaliza ng'ombe?"

Nikasema walimaliza.

Hapo ndipo pabaya. Uongo wa kuwafurahisha watoto ungeweza kufa wenyewe. Lakini huu sasa ulikuwa umeshika nafasi ya sababu yangu ya kuja. Yeye alifukuzwa na ndovu, mimi nikafukuzwa na simba. Tulikuwa wakimbizi wawili wa jambo moja. Alianza kuniita kwa neno la kwao la mdogo wa kike, nami nikamwita chechi, yaani dada mkubwa. Ndani ya nyumba ile ya watu tisa, lilikuwa ndilo jina pekee nililoitwa ambalo mwingine hakupata kuitwa kabla yangu.

Mtu atauliza niliweza vipi kuuendesha uongo kwa zaidi ya mwaka. Ilikuwa rahisi. Alichonisimulia yeye Jumatatu, mimi nilimrudishia Alhamisi kimevaa ngozi ya simba. Madungu yake nikayahamishia Pemba, na hapo hata sikudanganya sana, maana utoto wangu niliumalizia mabondeni nikiamia ndege wa mpunga, nikipiga debe mpaka mkono unakufa ganzi. Ndege wangu wa ukubwa wa vidole viwili niliwafanya simba. Miti tu ndiyo niliyoisema ilivyo: mfenesi, mkwaju, msufi, mdalasini, pilipili manga inayoupanda mwembe. Yote alikuwa nayo. Laiti ningebaki kwenye miti! Ingetosha kabisa, na nisingekuwa na haya ya kuandika.

Mtu mmoja tu angeweza kuniumbua, naye ni dereva wa nyumba, Mtanzania mwenzangu, mtu wa Bara, upande wa Morogoro. Watoto walimpelekea habari za ng'ombe wangu garini. Siku ya pili aliniita langoni, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Dada, hao simba wa Pemba walivuka na boti ya saa ngapi?"

"Kaka, niachie."

"Walikata tiketi, au walipita tu?"

"Niachie, nakuomba. Usimwambie yule mama."

Alipoona sicheki, naye akaacha. "Haya. Mimi simo," akasema. Na kweli hakusema. Njia ya mwongo ni fupi, wazee wamesema, lakini ukipata mtu wa kukufichia unaweza ukatembea mpaka ukasahau kwamba kuna mwisho.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Wanaume wa nyumba walikuwa na wageni majlisi, tumeshapeleka masinia, mimi na chechi tumebaki na masufuria. Alikuwa ameyasugua yale yale mara mbili. Nikamuuliza ana nini.

Mumewe alikuwa amepiga simu. Kulikuwa na ndovu dume, anatembea peke yake, amekosana na wenzake au amezeeka, hakuna ajuaye. Hakuwa akitaka mpunga tena. Alikuwa amejifunza kwamba ndani ya nyumba kuna chumvi na mchele uliokobolewa. Alikuwa ameshavunja ukuta wa jirani wa tatu kutoka kwao. Na njia ya watoto kwenda shule ilipita katikati ya mianzi. Walitembea kwa mstari, mtu mzima mbele na ngoma, mtu mzima nyuma. Mumewe alitaka binti apelekwe mjini, kwenye bweni la watawa. Nafasi ilikuwapo, watawa walikuwa wanangoja jibu.

"Akienda bwenini hana mimi wala hana baba," alisema. "Miaka tisa. Atalala na watu asiowajua. Mume wangu anasema niamue mimi, mimi ndiye mama." Akajifuta mikono, akanigeukia. "Wewe umekua na simba. Simba alipokuwa anakuja mpaka nyuma ya nyumba, mama yako alikupeleka kwa watu?"

Nimelirudia swali lile mara nyingi, na kila mara naona mlango ulivyokuwa wazi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kila mnyama na tabia zake. Hata ndani ya uongo ule ule ningeweza kusema ndiyo, mama alinipeleka, na mtoto angekuwa bwenini wiki ile ile. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu anayeomba jibu moja tu, na mimi nilitaka kumpa. Na kuna jingine. Nilimfikiria mwanangu anavyolala ubavuni mwa mama yangu, nikaona raha kumsikia mtu akisema mtoto asitolewe kwao. Nikaisema mimi.

"Hakunipeleka," nilisema. "Kwetu mtoto hatolewi. Mtoto akikaa kwao, hata mnyama anamjua. Anayeumwa na mnyama ni mgeni."

Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Yalisikika kama ya wahenga, na hakuna mhenga aliyepata kuyasema. Akanishika mkono wenye povu akaubusu. Jioni ile ile akakwangua kadi, akampigia mumewe, na hata mimi nisiyejua lugha yao nilielewa kwamba mtoto atabaki.

Kuanzia hapo sikula vizuri. Simu yake ilikuwa na mlio wa kengele ndogo, na kila ikilia naacha pasi. Nikawa namtazama usoni akipokea, nangoja uso uvunjike. Uso haukuvunjika, alikuwa na furaha, alikuwa anaimba jikoni, na kila wimbo uliniongezea dhambi. Usiku... hapana, usiku niliuogopa kidogo, kwa sababu yeye alilala. Mchana ndio niliouogopa zaidi. Nilihesabu tofauti ya saa: sasa kwao ni alasiri, wanatoka shule, mtu wa ngoma yuko mbele, sasa wamefika kwenye mianzi. Mimi niko Abu Hamour napiga pasi kanzu, na mtoto wa mwanamke mwingine anapita porini kwa maneno yangu.

Wiki ya tatu nilishindwa. Nilimpelekea dereva chai langoni, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida, kwao wanafanyaje ndovu akizoea nyumba.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kumbe mtu yule niliyemwona kila siku akifuta gari alikuwa amezaliwa jirani na mbuga, ndovu na simba wamo, na hakuwahi kuzungumza habari zao, kwa sababu kwa mwenye nazo si habari za chai.

"Wengi au mmoja?"

"Mmoja. Dume."

"Ameshavunja nyumba?"

"Ameshavunja."

"Akishaonja chumvi ya ndani anarudi, dada. Hakuna dawa. Kwetu alikuja mmoja wa namna hiyo. Watoto wote tulihamishiwa kwa bibi zetu mjini. Mimi darasa la tatu na la nne nimesomea huko. Nililia sana, lakini si unaniona nipo?"

"Na waliobaki?"

Alikitazama kikombe. "Rudisha kikombe," akasema, "asije madamu akakitafuta."

Nilimwambia chechi siku ya pili yake, asubuhi, tunatoa matumbo ya samaki. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kutangulia, yakanipotea yote.

"Chechi, kwetu hakuna simba."

Akasimamisha kisu. Usoni akawa na huruma. "Wameuawa wote?"

Hapo ndipo nilipolia. "Hawajawahi kuwapo. Ni kisiwa. Kuna mikarafuu na popo."

"Na yule ng'ombe?"

"Hakukuwa na ng'ombe."

"Na mama yako? Hakukutoa nyumbani?"

"Hakuwa na la kumfanya anitoe. Mtoe mtoto, chechi. Mpeleke bwenini. Mimi sijui lolote."

Hakunipiga wala hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akachukua simu akaenda nyuma ya tangi la maji. Nilisikia sauti yake inapanda, inakatika, inapanda tena. Aliporudi alimaliza samaki waliobaki. Wangu pia aliwamaliza.

Hakuniambia kilichoamuliwa. Nilikijua kwa njia nyingine. Wiki mbili baadaye madamu alituchukua madukani Al Sadd, na chechi akanunua blanketi la kitanda kimoja, la pinki, lenye picha za ndege, na beseni dogo, na kufuli. Alivifunga akampa mwanamke wa kwao aliyekuwa anakwenda likizo. Blanketi la mtu mmoja na kufuli: nikajua mtoto yuko kwa watawa. Yule ndovu sijui alikoishia. Huenda hakufika nyumbani kwao kabisa, huenda alifika siku ile ile. Sikuwa tena mtu wa kuambiwa.

Na chai ikaisha. Kigoda hakukiondoa, lakini hakukivuta tena. Alinisalimia kwa kichwa, kama zamani, kwa adabu kabisa. Laiti angenifokea. Nilimpigia chapuo kwa madamu, nilimwoshea masufuria yake, nilimnunulia kadi ya simu nikaiweka juu ya mto wake. Niliikuta imerudishwa juu ya mto wangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Wanyama wote wale, nyati wa soksi, mbwa wa mluzi, dubu, wote waliondoka jikoni kwa siku moja, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Nilikuwa na upweke kabla ya kumjua, lakini ule ulikuwa mwepesi. Huu wa pili nilikuwa nalala nao chumba kimoja, hatua tatu kutoka kitandani kwangu.

Miezi ikapita hivyo, mitano au sita. Kazi moja tu ndiyo ilitulazimisha kuwa pamoja: mashuka. Mashuka ya nyumba ile yalikuwa mapana kama tanga, na shuka kama lile halikunjiki na mtu mmoja. Kila Jumamosi alikuja uani, akashika ncha mbili, nami ncha mbili, tunalivuta, tunalikung'uta, tunasogeleana ncha zikutane, kisha kila mtu anarudi kwake. Tulifanya hivyo bila neno. Jumamosi moja, tumefika katikati, uso kwa uso, vidole vyake viko juu ya vyangu, hakuziachia zile ncha.

"Simba hakuna kabisa?"

Nilishtuka kwa kusikia sauti yake inaelekezwa kwangu. "Hakuna."

Akaniachia, tukarudi nyuma, tukachukua shuka jingine, tukalivuta, tukasogeleana.

"Ndovu?"

"Hakuna."

"Mkubwa?"

"Hakuna, chechi."

Shuka la tatu. Alilikung'uta kwa nguvu mpaka likapiga mlio. "Mpunga wenu unaliwa na nani?"

"Ndege. Ndege wadogo. Na nguruwe, mara moja moja."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepotea anayeuliza njia. Nadhani alikuwa ameibeba hesabu hiyo miezi yote ile, anaipiga na haitoki.

"Sasa wewe," akasema, "nani alikufukuza, ukamwacha mtoto?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Pemba, nimelitoa kwa wakala, kwa mama, kwa jirani, kwa kila aliyeuliza, na halijawahi kunishinda kulitamka.

"Nilitaka kujenga nyumba," nilisema. "Ya matofali. Yeye apate pa kulala."

"Sasa analala wapi?"

"Kwa mama yangu."

Akachukua ncha zangu mbili kutoka mikononi mwangu, akazipatanisha na zake, akalikunja lile shuka kifuani mwake.

"Nyumba ya mama yako inavuja?"

Nikamwambia haivuji.